Nywele Zako na Bibi wa Tainan

Rahma mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mashoga zako kwenda kuaga watu huko Umm Salal, na kwa ulivyoubamiza mlango nimejua hasira bado unazo. Baba yako kalala kitini, fimbo yake mapajani. Nimezima televisheni, nimekaa hapa meza ya jikoni, na kwa kuwa mimi na wewe wiki hii hatuwezi kukaa chumba kimoja bila kugombana, nimeona bora nikuandikie. Utaisoma kesho ukiwa njiani kwa mumeo Taiwan, ndani ya ndege, ambako hutapata nafasi ya kunikatiza.

Sikuandikii habari za pasipoti, wala za kunyoosha miguu ndegeni isije ikavimba, wala za achari niliyokufungia kwenye begi kubwa. Hayo nimeshayasema mpaka umeziba masikio. Nataka kuzungumza jambo moja tu. Umesema ukijifungua hutaki Bibi wa Tainan aje kukulea. Maneno yako ninayo: "Kama mama yangu haji, basi sitaki mama wa mtu mwengine. Mimi na Yusuf tutajua wenyewe." Ukaingia chumbani ukafunga. Nami nikabaki na sufuria mkononi, mwanangu, nikalia. Sikufichi.

Kwa nini siji unajua. Tangu baba yako apigwe na kiharusi, kifungo cha shati ni mimi, kisu cha nyama ni mimi, msalani ni mimi. Mwenyewe anasema, "Nenda, Mama Rahma, mimi nitajimudu," na anasema huku kikombe kinamtetemeka chai inamwagikia kanzu. Nimwachie nani hapa Doha? Nimelipindua jambo hili kila upande na kila upande naona nimemwacha mtu ninayempenda. Ndiyo maana nakuwa mkali. Ukali wangu wa wiki hii haukuwa wako, ulikupitia tu.

Sasa nisikilize, nikusimulie habari ya Bi Mei. Unadhani unaijua kwa sababu uliishi humu humu, lakini ulikuwa na miaka saba na ulichokuwa ukikijua ni katuni na barafu za kijiti.

Tulikuwa nyumba hii hii ya Fereej Bin Mahmoud, na mji wote ulikuwa winchi na vumbi. Bi Mei alikaa ghorofa ya juu yetu. Mumewe alikuwa mhandisi, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Siku moja nimo ndani ya lifti, akaingia na mfuko wa duka la Wafilipino, mkia wa samaki umechomoza. Nikatazama ule mkia uliogawanyika pande mbili, yale magamba ya fedha, nikasema kwa sauti, "Mwatiko!" Akashtuka. Mimi Mtanga, mwatiko nitaukosea?

Akanieleza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, nami nikapokea kwa changu ambacho hakikuwa bora, kwamba kwao Tainan, kusini mwa Taiwan, watu wamefuga mwatiko mabwawani tangu enzi za mababu wa mababu. Eti wanaula asubuhi, tumbo lake lenye mafuta, ndani ya uji wa mchele. Nilidhani ananitania. Samaki na uji, asubuhi! Akanipandisha kwake, akanikalisha, akanipa bakuli lenye tangawizi nyembamba juu yake. Nikala mpaka chini. Kesho yake nikampelekea mwatiko wa kupaka, nazi nzito, na yeye akala mpaka chini, akanionyesha na namna ya kuutoa miiba ambayo kwetu tunaitema tu. Basi, milango ikawa wazi.

Unakumbuka Yusuf alipokuja kuposa, akasema amepata nafasi ya kwenda kusomea ufugaji wa samaki, na chuo chenyewe kiko Tainan? Baba yako alinitazama akasema, "Mwatiko huo umetuandama." Nyie mkadhani baba kaanza kuchanganyikiwa.

Bi Mei akashika mimba. Ilipokaribia, mama yake, ambaye ndiye huyu Bibi unayemkataa, akaleta habari kwamba hawezi kuja. Mumewe alikuwa kitandani, mgonjwa wa muda mrefu, hana wa kumgeuza. Nilimwambia baba yako, nakumbuka tulikuwa tunakunja nguo, "Mama gani huyu? Mwanawe anazaa nchi ya watu, yeye anakaa na mzee! Mimi ningekuja hata kwa miguu." Nilisema hivyo, na nikayarudia kwa mashoga zangu wa Al Sadd, tukatikisa vichwa. Sasa kila nikimfunga baba yako kifungo, maneno yale yananirudia. Ningejua, Rahma, ningefunga mdomo.

Basi nikajipa kazi. Sikuombwa. Nikasema mtoto wa watu hana mama hapa, mama ni mimi. Na uzazini nilijiona mjuzi, kwa sababu marehemu bibi yako alinilea mimi ulipozaliwa wewe: maji ya moto, kukandwa, uji wa pilipili manga, fukizo, siku arobaini sikushika hata ufagio. Siku ya tatu baada ya Bi Mei kutoka hospitali, nikapanda na ndoo yangu. Nilikuwa nimechemsha majani ya mkunazi niliyoyatafuta sokoni. Nikamkalisha kwenye kigoda bafuni, nikamkanda mgongo, nyonga, miguu, kisha nikamwagia kichwani, nikazisugua nywele zile ndefu kwa mkunazi mpaka zikateleza. Alikuwa anatoka machozi kimya kimya. Nikasema moyoni, umeona raha, eeh?

Jioni akaifungua kompyuta kuzungumza na mama yake. Mimi nilikuwa pembeni nimembeba mtoto. Yule Bibi akaona kitambaa kichwani mwa mwanawe, akasogea karibu na kioo, akaziona ncha za nywele mbichi. Mwanangu! Sikujua neno hata moja la lugha yao, lakini nilielewa yote. Alipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Bi Mei akainamisha uso.

Baadaye ndipo akanieleza. Kwao mzazi hukaa ndani mwezi mzima, kama sisi arobaini yetu, lakini katika mwezi huo maji hayagusi nywele. Wanaamini baridi inaingia kichwani na kukaa, na uzeeni utaumwa na kichwa usijue kimetoka wapi. Hakuna upepo, hakuna kitu cha baridi, na kulia ni mwiko, macho yanaharibika. Nami nilikuwa nimemwosha nywele na nimemliza, vyote kwa ndoo moja.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukunikataza?"

Akasema, "Dada, ulikuwa na furaha sana. Sikuweza."

Hilo lilinichoma kuliko kelele za mama yake. Nilikwenda kumtunza, kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananitunza mimi, na mishono yake na yote. Lakini unanijua mama yako. Badala ya kuomba radhi nilisusa. Nikashuka nikakaa kwangu, nikawa nabamiza vyungu. Umejiuliza ulipata wapi tabia ya kubamiza milango? Baba yako akavumilia, mwisho akasema, "Hivi ulikwenda kumlea au kumgeuza Mtanga?"

Nikapanda tena. Nikaketi na Bi Mei mbele ya kompyuta, nikamwambia atafsiri: mwambie mama nimekosa, na mwambie anifundishe anavyotaka yeye. Bibi akaanza na tangawizi.

Unaikata tangawizi kuukuu na maganda yake, unaiweka kwenye mafuta ya ufuta mweusi, moto mdogo, unangoja mpaka pembe za vipande zijikunje. Ukiharakisha mafuta yanakuwa machungu na umeharibu. Hapo ndipo kuku anaingia. Mpaka hapo tulikwenda vizuri kabisa, mimi napindua, yeye anachungulia kutoka Taiwan na kunielekeza kwa kidole. Kisha akasema sasa mimina mvinyo wa mchele.

Nikaweka mwiko chini. Nikasema mvinyo siushiki. Bibi akasema bila mvinyo hiyo ni supu tu. Nikasema basi ni supu. Akasema mwanangu hatapata joto. Nikasema na mimi nina Mola wangu. Bi Mei yuko katikati, anatafsiri huku na huku, kashika tumbo, anacheka na kulalamika kwamba mishono inauma. Mwisho tukakubaliana: maji yaliyochemshiwa tende zao nyekundu zile kavu, basi. Bi Mei akala, akanywa mchuzi wote. Kesho yake Bibi akauliza swali moja, "Alitoka jasho?" Nikasema alilowesha shuka. Akaitikia kwa kichwa, na mvinyo haukutajwa tena.

Siku nyingine niliingia chumbani nikakuta bakuli juu ya kitanda, karibu na kichwa cha mtoto, wali wa kunata na paja la kuku, halijaguswa. Nikasema huyu naye kashindwa kula kaacha chakula kitandani, kitaleta sisimizi. Nikalichukua jikoni. Na kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi, nikalila. Bi Mei alipotoka msalani akalitafuta lile bakuli. Kumbe lilikuwa la Mama wa Kitanda. Wao wana imani kwamba kila kitanda cha mtoto kina mama wake asiyeonekana anayemlinda, na mtoto akicheka usingizini ndiye anayemchezesha. Lile doa la buluu ambalo watoto wengine huzaliwa nalo matakoni, analiweka yeye ili amjue wake ni yupi. Rahma, nilikimbilia sinki! Nilisukutua, nilivuta istighfari, nilidhani nimekula cha mizimu.

Bibi aliposimuliwa alicheka mpaka akatoka kwenye kioo, tukabaki tunatazama ukuta wake. Aliporudi, anafuta macho, akasema sikuharibu kitu, kwa sababu bakuli lile halitakiwi kukaa. Ukiliacha muda mrefu mtoto anakuwa mzito wa kazi. Mimi nimeliondoa haraka, kwa hiyo mtoto atakuwa mwepesi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anacheka. Nikamwambia hata binti yangu alizaliwa na doa la buluu hapo hapo, kubwa. Akauliza, "Nani aliliweka?" Nikasema, "Mungu." Akasema, "Sawa, nalo zuri." Wala hakutaka tubishane.

Nimeishi na watu wa dini nyingi katika mji huu, mwanangu, na nilichukua miaka kujifunza kwamba kushika changu hakunilazimishi kukitemea cha mwenzangu. Wewe utapita mbele ya mahekalu kila kona, Yusuf kasema, moshi wa udi mpaka barabarani. Pita kwa adabu yako. Msikiti upo, ni mdogo, Ijumaa unajaa Waindonesia, na utapata watu.

Halafu ikaja habari ya kufunga tumbo. Safari hii niliuliza kwanza. Nikasema, "Kwetu mzazi hufungwa tumbo. Kwenu je?" Bibi akaondoka, akarudi na kitambaa cheupe kirefu, akakinyanyua tukione. Nikahisi kama nimekutana na mtu wa mtaani kwetu. Nikashuka mbio nikafungua kabati, nikatoa kisutu changu, ile doti ya kanga nyekundu na nyeusi ambayo bibi yako aliniletea harusini, na ambayo alinifunga nayo ulipozaliwa wewe. Nikachukua kipande kimoja. Nikamfunga Bi Mei, na Bibi ananielekeza kwa kidole: chini, chini zaidi, kaza. Hapo hatukupishana hata kidogo. Ni mahali pale pale bibi yako alipokuwa akianzia.

Mwezi ulipotimia walipika wali wa mafuta wenye uyoga na kamba wakavu, bila nyama ya nguruwe kwa ajili yetu, wakachemsha mayai na kuyapaka rangi nyekundu, wakagawa nyumba nzima. Hilo najua unalikumbuka. Ulichukua yai lako ukajipaka rangi mdomoni, ukashuka chini kujitangaza kwamba wewe ni bibi harusi. Ilichukua muda kutoka.

Walipohama kurudi kwao, Bi Mei alikuwa bado anacho kile kipande cha kisutu. Akataka kukirudisha. Nikamwambia kaa nacho.

Haya. Sasa niseme ninayoyataka.

Najua utasema: mama, mwezi mzima bila kuosha nywele? Wewe ambaye shampuu yako inajaza kabati? Najua. Nimeshakupigania. Nilimwambia Bibi kwamba sisi damu ikikatika tuna josho letu la dini na halina mjadala. Tulivutana siku kadhaa, Bi Mei anatafsiri. Tumefika hapa: siku hiyo utaoga, nywele na yote, kwa maji ya moto yaliyochemshwa na tangawizi, dirisha limefungwa, na kichwa kinakaushwa pale pale mpaka kiwe kikavu kabisa. Kabla ya siku hiyo, funga kilemba utulie. Na kuku wako hatatiwa mvinyo, achinjwe na Yusuf mwenyewe. Ni mkataba wa akina mama wawili wakaidi, usiuvunje kwa ajili ya shampuu.

Likikuuma jambo, sema. Usikae kimya kama Bi Mei kwenye kigoda changu, ukamwachia mtu furaha yake huku wewe unaumia. Na Bibi naye akikosea, na atakosea, mwambie bila kubamiza kitu. Mimi kosa langu halikuwa ndoo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa ninapenda, sina haja ya kuuliza. Nimekulea wewe pia kwa namna hiyo, mara nyingi, na hata jambo hili la Bibi nililipanga na Bi Mei kabla ya kukuuliza wewe. Nadhani nusu ya hasira zako imetoka hapo, na una haki nayo. Nisamehe.

Jambo la kuja kwangu, silijui. Nikisema nitakuja mwakani nitakuwa nakudanganya, na sitaki uondoke na ahadi ya uongo. Inaniuma kwamba mikono itakayomwogesha mjukuu wangu wa kwanza haitakuwa yangu. Inaniuma, na wivu ninao, usidhani mimi malaika. Wiki nzima niliposema "Bibi atakulea" nilikuwa natabasamu na meno yananiuma kwa kuyakaza.

Lakini jana, ulipokuwa umejifungia, niliwapigia. Bi Mei akaweka simu mama yake anione. Amezeeka, mumewe alishafariki, nywele nyeupe tupu. Nikamwambia ukweli: binti yangu hakutaki. Nilingoja kelele kama za siku ile. Hakupiga kelele. Aliinuka, akaondoka, nikasikia droo inafunguliwa, akarudi amebeba kitu kimekunjwa vizuri. Rahma, ni kisutu changu. Kimepauka kidogo kwenye pindo. Akakikunjua, akajifunga juu ya sweta lake, yule bibi mfupi, tumbo lenyewe hana, akawa anahangaika kutafuta pa kuanzia. Kisha akanitazama, akasema kitu, na Bi Mei akatafsiri: "Mama anauliza, nimfunge hivi? Nionyeshe, nisije nikakosea kwa mtoto wako."

Nikainua kidole. Chini, nikamwambia. Chini zaidi. Kaza.

Usiku ule ule nilifungua begi lako nikatoa kanga mpya niliyokuwekea ya kufungia tumbo. Usiitafute. Kipande kimoja cha doti ninacho mimi hapa kabatini, na kingine kinakungoja huko. Nasikia lifti, nadhani ndio nyie mmerudi, na baba yako anaamka. Siku Bibi akija kukugongea, mwanangu, mfungulie. Atakachokuwa amekishika mkononi ni changu.

Mama yako